Michael Fleisher: mtunzi wa hadithi za visasi aliyeuandika wizi wa ng'ombe wa Tarime

Michael Lawrence Fleisher alikuwa mwandishi wa Marekani aliyezaliwa New York tarehe 1 Novemba 1942 na kufariki tarehe 2 Februari 2018. Katika sehemu ya kwanza ya maisha yake ya kazi alitunga hadithi za katuni zilizojaa wahalifu na visasi, akaandika na riwaya. Katika sehemu ya pili alikuwa mwanaanthropolojia. Alikuja Tarime, mkoani Mara, akakaa na Wakurya, akaandika juu ya uhalifu wa kweli: wizi wa ng'ombe katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Kitabu chake cha mwaka 2000, Kuria Cattle Raiders: Violence and Vigilantism on the Tanzania/Kenya Frontier, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Michigan, ni mojawapo ya kazi za kina zaidi kuwahi kuandikwa kuhusu jambo hilo. Mashabiki wa katuni wanalijua jina lake vizuri, na wanazuoni wa Afrika Mashariki vilevile, lakini wengi wa pande hizo mbili hawajui kwamba wanamzungumzia mtu yuleyule.

Kazi iliyomfungulia mlango ilikuwa ya utafiti. Alikusudia kuandika ensaiklopidia ya mashujaa wa katuni za Marekani, itakayoeleza kila mhusika, kila adui na kila tukio kwa mpangilio wa alfabeti, na kwa uzito uleule ambao kamusi za historia hueleza wafalme na vita. Ulikuwa mpango wa majuzuu manane. Akishirikiana na Janet E. Lincoln, alisoma maelfu ya kurasa za matoleo ya zamani, na kwa ajili hiyo akaruhusiwa kuingia katika maktaba ya kampuni ya DC Comics mjini New York. Juzuu la Batman na la Wonder Woman yalitoka mwaka 1976, na la Superman mwaka 1978. Majuzuu mengine matano hayakutoka. Hata hivyo ensaiklopidia hiyo inaonyesha tabia iliyomfuata Fleisher hadi Tarime. Hakutosheka na kusimulia tukio. Alitaka kujua lilianza wapi, nani alihusika, na linahusiana vipi na matukio mengine.

Kule kuzoeleka katika ofisi za DC ndiko kulikomwingiza katika utunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuandika hadithi fupi za kutisha. Ilikuwa wakati mwafaka, kwa sababu kanuni za udhibiti ambazo wachapishaji wa katuni wa Marekani walijiwekea mwaka 1954, zilizozuia karibu kila jambo la kutisha, zilikuwa zimelegezwa mwaka 1971. Mhariri Joe Orlando, ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa amekabwa na kuporwa mchana kweupe, alitaka shujaa ambaye hatawapeleka wahalifu polisi tu bali atawalipiza. Akamfufua mhusika wa zamani aitwaye Spectre, aliyebuniwa mwaka 1940 na Jerry Siegel pamoja na mchoraji Bernard Baily, na kazi ya kumwandikia akampa Fleisher.

Spectre ni roho ya askari kanzu aliyeuawa, Jim Corrigan, anayerudi duniani kuwaadhibu wauaji. Katika jarida la Adventure Comics, kuanzia toleo la 431 la mwaka 1974 hadi la 440 la mwaka 1975, Fleisher na mchoraji Jim Aparo walitoa mfululizo ambao wasomaji wa enzi hiyo hawajausahau. Muuaji haendi jela, hafiki mahakamani. Mmoja anageuzwa mti na kukatwa kwa msumeno, mwingine anakatwa na mkasi mkubwa kupita mtu. Mwaka 1988 hadithi hizo zilichapishwa tena pamoja na nyingine zilizokuwa zimebaki kabatini. Zilikuwa hadithi zenye mantiki rahisi: uhalifu una mwenyewe, mwenyewe anajulikana, na adhabu yake ni papo hapo.

Msomaji wa Kiswahili wa miaka hiyohiyo hakuwa mgeni wa ladha hiyo. Huku nako vijana walikuwa wakisoma hadithi za picha za Lance Spearman, na baada ya muda mfupi wakapata riwaya za Elvis Musiba za mpelelezi Willy Gamba na za Ben Mtobwa za Joram Kiango. Tofauti ni kwamba Willy Gamba hupigania bara zima dhidi ya makaburu na vibaraka wao, wakati wahusika wa Fleisher hupigana peke yao katika dunia ambayo serikali imeshindwa au haipo.

Hilo linaonekana zaidi katika kazi yake ndefu kuliko zote, Jonah Hex. Mhusika huyo alibuniwa mwaka 1972 na John Albano na Tony DeZuniga. Ni askari wa zamani wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, nusu ya uso wake imeharibika kwa kovu la moto, na riziki yake ni kuwasaka wahalifu waliotangaziwa zawadi. Fleisher alimpokea mwaka 1974 na kukaa naye zaidi ya miaka kumi. Jarida lililobeba jina la Jonah Hex lilianza mwaka 1977 na kufikia matoleo 92 kabla ya kufungwa mwaka 1985. Likafuatwa na jingine lililompeleka mhusika huyo katika dunia ya baadaye iliyoteketezwa na vita, nalo likaisha mwaka 1987 baada ya matoleo 18.

Mwaka 1978 Fleisher alifanya jambo ambalo watunzi wa mfululizo huogopa kulifanya: alisimulia kifo cha shujaa wake huku mfululizo ukiendelea. Katika hadithi hiyo, iliyochorwa na Russ Heath, Jonah Hex mzee anapigwa risasi mwaka 1904, mwili wake unajazwa majani kama mnyama wa makumbusho na kuzungushwa katika maonyesho ya kulipia. Mtu aliyeishi kwa kuuza maiti za wengine anageuka bidhaa mwenyewe. Hii ndiyo hadithi yake bora ya kubuni, na ndani yake tayari kuna swali ambalo Tarime ilimlazimu kulijibu kwa takwimu na ushahidi: nini hutokea pale ujasiri wa kijana unapowekewa bei sokoni?

Riwaya yake, Chasing Hairy, ilitoka mwaka 1979. Inahusu vijana wa kiume na ukatili wao kwa wanawake, na haikumletea sifa kama katuni. Iliingia katika historia kwa njia nyingine. Mwaka 1980 jarida la The Comics Journal lilichapisha mahojiano marefu kati ya mhariri wake Gary Groth na mwandishi mashuhuri Harlan Ellison. Ndani yake Ellison alimzungumzia Fleisher kama mtu aliyerukwa na akili, huku akisisitiza kuwa anamsifu kwa namna yake, kwa kuwa waandishi wakubwa wa hadithi za kutisha nao walikuwa hivyo. Fleisher hakuiona kuwa sifa. Alifungua kesi ya kashfa dhidi ya Ellison, Groth na wachapishaji, akidai dola milioni 2. Kesi ilikokota miaka mingi na kusikilizwa New York mwaka 1986, na jopo la raia walioamua shauri wakawapa ushindi washtakiwa. Kwa bahati mbaya, wapo waliomkumbuka Fleisher kwa kesi hiyo tu, kana kwamba maisha yake yaliishia hapo.

Hayakuishia hapo. Fleisher, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, alirudi darasani na kusomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Michigan hadi shahada ya uzamivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina lake lilikuwa bado likionekana katika jarida la Uingereza la 2000 AD, lakini utafiti ulikuwa umeshaanza kumvuta upande mwingine. Katikati ya muongo huo alikuwa Tarime.

Tarime ya wakati huo ilikuwa pana kuliko ya leo, kwa kuwa Rorya ilikuwa bado haijatengwa kuwa wilaya, jambo lililofanyika mwaka 2007. Nyanda zake za juu, zenye mvua na udongo wa rutuba, ni nchi ya Wakurya: mahindi, mihogo, ndizi, ulezi, kahawa, na ng'ombe. Upande wa kusini, ukivuka Mto Mara, inaanza wilaya ya Serengeti yenye makao yake Mugumu, ambako Wakurya wanaishi jirani na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, pembezoni mwa hifadhi ya taifa. Upande wa kaskazini ni Kenya. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza karne ya 19 uliwapasua Wakurya katikati, ukaacha ndugu wa koo zilezile pande zote mbili. Mtu wa Sirari akivuka barabara yuko Isebania.

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa nje hulikosea, na ambalo Fleisher alilishika mapema, ni kwamba Wakurya si kundi moja lenye kauli moja. Wamegawanyika katika koo kubwa, ambazo kwa Kikurya huitwa ibiaro: Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wanchari, Warenchoka, Wakira, Wanyamongo, Wasweta na wengine. Kila ukoo una eneo lake, wazee wake wa mila, na mkutano wake wa hadhara, iritongo, unaosikiliza mashauri. Kuiba ng'ombe wa mtu wa ukoo wako ni aibu na kosa zito. Kuchukua ng'ombe wa ukoo mwingine kuna historia nyingine kabisa.

Zamani, kabla ya boma la Mjerumani, vijana waliotoka jandoni walikwenda kuteka mifugo ya maadui kwa idhini na baraka za wazee. Ng'ombe waliopatikana walibaki kuwa ng'ombe: walizaa, walikamuliwa, walitolewa mahari. Mura, yaani kijana aliyetahiriwa, aliyerudi na mfugo alirudi na heshima. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki nzima, na waliopoteza walitafuta namna ya kurudisha mazizi yao. Kisha ukaja utawala wa kikoloni na kodi yake inayotaka fedha taslimu, machimbo ya dhahabu yanayotaka nyama, na minada. Hapa ndipo penye kiini cha kazi ya Fleisher. Kwa maelezo yake, wizi wa ng'ombe wa Tarime ya sasa si mila iliyogoma kufa. Ni desturi ya zamani iliyogeuzwa na soko. Ng'ombe anayeibwa usiku leo haendi zizini. Anaendeshwa kuvuka mpaka, anauzwa kwa fedha upande wa Kenya, na mara nyingi anaishia buchani. Hoja hiyo aliifafanua katika makala ndefu ya mwaka 2000 katika jarida la Comparative Studies in Society and History.

Umuhimu wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Tangu enzi za maofisa wa kikoloni, akiwamo E. C. Baker aliyeandika juu ya Wakurya mwaka 1935, maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba watu hawa wanaiba ng'ombe kwa sababu ndivyo walivyo. Adhabu za pamoja, ambapo kijiji kizima kilitozwa faini ya mifugo kwa kosa la wachache, zilisimama juu ya wazo hilohilo. Kama wizi ni mila, dawa yake ni kiboko na operesheni. Kama wizi ni biashara, lazima kuulizwe nani ananunua, nani anasafirisha, nani anafumba macho, na kwa nini kijana anaona hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Fleisher aliuliza maswali hayo.

Jibu lake moja lilitoka ndani ya mji (kaya) wa Mkurya, na ndilo lenye mvuto zaidi katika kazi zake zote. Katika makala iliyotoka mwaka 1999 katika jarida la Africa, alionyesha jinsi muundo wa familia unavyomsukuma kijana. Kwa Wakurya wanaume wengi wameoa zaidi ya mke mmoja, na kila mke na watoto wake ni nyumba inayojitegemea. Mahari ya binti inaingia katika nyumba ya mama yake, na kwa kawaida ndiyo inayomwozea kaka yake wa tumbo moja. Nyumba yenye mabinti wa kutosha ina njia ya kuwaozesha wavulana wake. Nyumba yenye wavulana wengi na mabinti wachache haina. Baba anaweza kuwa na zizi lililojaa, na bado kijana wa nyumba hiyo akasubiri miaka na miaka, huku kaka zake wa baba mmoja wakioa. Bila ng'ombe hakuna mke, bila mke hakuna mji, na asiye na mji hahesabiki kuwa mtu mzima mbele ya iritongo. Mbele ya kijana huyo kuna mlima, na nyuma ya mlima kuna ng'ombe wa ukoo mwingine.

Maelezo hayo hayamtetei mwizi, wala Fleisher hakumtetea. Yanaonyesha tu kwamba uhalifu una hesabu yake. Mtunzi wa Spectre alikuwa amezoea muuaji anayeua kwa sababu ni mwovu. Tarime alikutana na vijana ambao maamuzi yao yangeweza kufuatiliwa hatua kwa hatua kuanzia idadi ya dada zao.

Jibu la pili lilihusu silaha. Wakurya, kwa muda mrefu, wamekuwa wengi jeshini kuliko idadi yao katika taifa, tangu enzi za mkoloni hadi Jeshi la Wananchi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyomwondoa Idi Amin, viliwapeleka vijana wengi wa Mara mstari wa mbele, na baada yake bunduki za kivita zikaanza kuonekana vijijini. Palipokuwa na mikuki, mapanga na mishale ya sumu, sasa kukawa na risasi. Anayevamiwa hakuweza tena kutegemea yowe na umati wa majirani kama baba yake alivyotegemea. Mabadiliko hayo yalikuja katika miaka ileile ambayo uchumi wa Tanzania ulikuwa umedhoofika kabisa, bidhaa zimeadimika madukani, na shilingi ya Kenya, iliyokuwa na nguvu ng'ambo ya pili ya barabara, ikawa kishawishi kwa kila mwenye kitu cha kuuza.

Jibu la tatu lilikuwa vita vya koo zenyewe. Mwaka 2002, katika makala ambayo jina lake linaweza kufasiriwa "Vita ni vizuri kwa wizi!", Fleisher alieleza namna mambo hayo mawili yanavyolishana. Wizi unazaa kisasi, kisasi kinazaa vita ya koo kwa koo. Vita ikishawaka, ushirikiano wa kufuata nyayo za mifugo unakufa. Katika hali ya amani, ng'ombe wakiibwa watu hufuata nyayo hadi zinapoishia, na wenyeji wa hapo hulazimika kujieleza au kuzipokea na kuendelea nazo. Koo zikiwa zinapigana, hakuna anayethubutu kuvuka. Nyayo zinaishia mpakani, na mwizi amepona. Kwa hiyo wapo wanaonufaika na chuki ya kudumu kati ya Wairege na Wanyabasi au Wanchari na Warenchoka, hata kama waliozikwa ni jamaa zao. Huu ni uchunguzi mzito, na unaeleza kwa nini mikutano ya suluhu ambayo haikugusa biashara ya ng'ombe haikudumu.

Matokeo yake kwa ardhi na makazi aliyaandika mwaka 1998 katika jarida la Human Ecology. Wizi wa aina hii hauishii kwa aliyeibiwa. Watu huhama kingo za eneo la ukoo wao, ambako malisho na mashamba yanaachwa. Mwenye ng'ombe wengi hujiona yuko hatarini kuliko mwenye wachache. Kilimo kinachotegemea maksai wa kulima nacho kinayumba, maana mkulima aliyelala na jozi mbili za maksai anaweza kuamka na jembe la mkono. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye benki, trekta na mahari, hasara ya usiku mmoja hurudisha familia nyuma kizazi kizima.

Sehemu ya kitabu ambayo bado ina uhai mkubwa hadi leo ni ile ya sungusungu. Vikundi hivyo vya ulinzi wa jadi vilizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wakijitetea wenyewe dhidi ya wezi wa mifugo baada ya kuona polisi na mahakama haviwasaidii. Serikali na chama viliviona, vikavikubali, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuvipa nguvu ya kisheria. Vilipofika Tarime havikuwa tena mwitikio wa wananchi peke yao. Mkono wa serikali ulikuwa ndani yake tangu mwanzo, na ndiyo maana katika makala yake ya mwaka 2000 juu ya suala hilo Fleisher aliviita vikundi vinavyodhaminiwa na dola. Vilipata mafanikio, wezi wakaogopa, ng'ombe wakarudishwa. Lakini askari wa kijiji ni mtu wa kijiji. Ana ukoo, ana shemeji, ana njaa. Faini zilizotozwa zikawa chanzo cha mapato, na rushwa iliyokuwa kituoni ikahamia kijijini.

Hapo ndipo umbali kati ya Fleisher wa mwaka 1974 na Fleisher wa mwaka 2000 unapoonekana wazi. Kijana wa New York aliandika juu ya roho isiyokosea inayomjua mhalifu na kumhukumu papo hapo. Mtu mzima aliyekaa Tarime aliandika juu ya watu halisi waliopewa mamlaka ya kukamata na kuadhibu, na akaeleza kwa subira jinsi mamlaka hayo yanavyosaidia, yanavyokosea na yanavyoharibika. Mwandishi wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Kalamu ni ileile, yenye sentensi kavu na macho ya kuona undani wa tukio, lakini imejifunza kwamba kisasi hakimalizi hadithi.

Fleisher hakuwa wa kwanza kuandika juu ya Wakurya wala wa mwisho. Malcolm Ruel alifanya utafiti kati yao katika miaka ya 1950. Paul Asaka Abuso alitoa historia ya Abakuria mwaka 1980, ikitokana na masimulizi ya wazee. Eva Tobisson aliandika juu ya familia za Wakurya wa Tanzania mwaka 1986, na bila msingi aliouweka kuhusu nyumba na mahari, hoja ya Fleisher ingekosa miguu. Baada ya Fleisher, Suzette Heald alifuatilia sungusungu walipoanzishwa upande wa Kenya mwaka 1998, naye aliona ndani yake matumaini zaidi kuliko Fleisher, hasa nguvu ya iritongo kusimamia haki kutoka chini. Kwa wilaya ya Serengeti, kazi za Jan Bender Shetler, hasa Imagining Serengeti ya mwaka 2007, zinaeleza kumbukumbu za Waikoma, Wanata, Wangoreme na majirani zao juu ya ardhi yao, na zinasaidia kuona kwamba historia ya eneo hili ni pana kuliko wizi wa mifugo.

Kasoro ya kitabu cha Fleisher iko hapo hapo. Anayekisoma bila kusoma kingine anaweza kudhani kila mji wa Mkurya una bunduki darini. Walio wengi Tarime na Serengeti ni wakulima na wafugaji ambao kwao wizi ni msiba. Mwanamke aliyefiwa na mume akikimbizana na wezi, mtoto aliyeacha shule kwa sababu ng'ombe wa ada wameondoka, hao wanastahili sura ndefu kuliko waliyopewa. Aidha, kitabu kilichapishwa kabla ya mgodi wa North Mara kuanza uzalishaji Nyamongo mwaka 2002, mgodi uliobadili kabisa mzunguko wa fedha na ugomvi katika eneo hilo, na kabla ya kuundwa Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Msomaji wa leo anapaswa kuyaongeza hayo mwenyewe.

Upande wa katuni haukumsahau. Ensaiklopidia zake zilichapishwa upya mwaka 2007, hadithi za Spectre zimekusanywa kitabuni, na mwaka 2010 Jonah Hex alifika kwenye sinema, akiigizwa na Josh Brolin. Fleisher alitumia miaka yake ya mwisho katika jimbo la Oregon, akiugua ugonjwa wa Alzheimer, na alifariki huko akiwa na umri wa miaka 75.

Tanzania hana umaarufu huo, na kitabu chake muhimu kuliko vyote kipo katika Kiingereza cha kitaaluma ambacho watu wanaozungumziwa ndani yake hawakisomi. Kinahitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa katika maktaba na shule za Tarime, Mugumu na Musoma, ili wazee wa mila, walimu na watoto wa waliohojiwa waweze kukikubali, kukipinga au kukisahihisha wao wenyewe.